Bunduki ya kale ya shabaha inaposumbua Dodoma: anza na mbao, mtutu uwe wa mwisho

Kila mwaka ikifika Agosti simu huanza kuingia, na maneno huwa karibu yale yale. "Kaka, ile Martini yangu mtutu umekwisha." Martini ni bunduki ya risasi moja moja, inayofunguliwa kwa wenzo ulio chini yake. Mwezi wa tano ilikuwa ikipanga risasi kumi sehemu moja, sasa matundu yametapakaa karatasi nzima. Namwomba aiweke wazi, ahakikishe haina risasi, kisha ashike mwili wa chuma kwa mkono mmoja na kitako kwa mkono wa pili, azungushe kidogo tu kama anayekamua nguo. Kinalia? Ananyamaza kidogo, halafu anajibu: kinalia.

Mtutu hauna kosa. Mbao imekauka, skrubu imebaki inashika hewa.

Maelekezo mengi ya kutunza bunduki hizi yameandikwa na watu wa Uingereza na Ujerumani, ambako adui ni unyevu mwaka mzima. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili hivi, na miezi iliyobaki ni ukavu, upepo na vumbi. Ukifuata maelekezo yao neno kwa neno, Februari utakuwa salama na Septemba utapasua mbao iliyodumu miaka 90. Nimepanga dalili hapa chini kwa jinsi zinavyoletwa kwangu. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea sana kinatangulia, na kile adimu kinakuja mwisho.

Kabla ya kugusa chochote

Elekeza mdomo wa mtutu mahali ambapo hata risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Fungua wenzo wa Martini, au vuta bolti (komeo la chuma) kwenye bunduki za aina hiyo, tazama chemba, yaani pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe. Giza la chemba limewadanganya wengi, ndiyo maana kidole kinahitajika. Risasi zote zibaki chumba kingine, zimefungiwa, mpaka kazi iishe.

La pili ni karatasi. Umri wa bunduki hauiondoi kwenye sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Iwe ya mwaka 1912, iwe haijapigwa tangu babu yako alipostaafu, inahitaji leseni yenye jina lako na namba inayolingana na iliyo kwenye chuma. Ukiikuta sandukuni baada ya msiba, usiisafishe, usiifungue, na usiipakie kwenye basi kuileta mjini. Ifungie pale ilipo na utoe taarifa kituo cha polisi cha karibu, ukiwa na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Wapo watu wema kabisa walioingia matatani kwa sababu ya kubeba urithi wa baba kutoka Mpwapwa bila kumwambia mtu.

La tatu: ninaposema "fundi" hapa namaanisha fundi wa silaha mwenye kibali. Hodari wa kuchomelea mageti ana kazi yake, na hii si yake.

Dalili: matundu yametawanyika, au kundi zima linahama

Hii ndiyo inayoleta simu nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Anza na skrubu za mbao. Martini nyingi za shabaha za BSA, kiwanda kile cha Birmingham kilichoanza mwaka 1861, zimeunganishwa kitako na mwili wa chuma kwa bolti moja ndefu inayopita ndani ya kitako. Kichwa chake unakifikia ukitoa bamba la nyuma. Mbao ya walnati ikipoteza unyevu hunywea, hasa kwa upana wa nyuzi zake, na ile bolti iliyokuwa imekaza inabaki inacheza. Bunduki za komeo la bolti kama Anschütz ya Ujerumani zina skrubu zinazoshika chuma kutoka chini, na ugonjwa wake ni huo huo. Tafuta bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu kwa upana na kwa unene, kaza mpaka ukae, kisha acha. Usiongeze nguvu ili "iwe ya uhakika", maana hapo ndipo mbao hupasuka. Chora alama ndogo ya penseli ikionyesha skrubu iliposimama, irudie kuikagua mvua zikianza, kwa kuwa mbao itavimba tena na kile ulichokaza Septemba kitakuwa kimebana kupita kiasi Januari.

Skrubu zikiwa sawa, nenda kwenye vilengeo. Shika kilengeo cha nyuma, kile chenye kitundu cha kuchungulia, ukisukume kushoto na kulia kwa kidole gumba. Kisicheze hata kidogo. Kilengeo cha mbele nacho kina kipete kidogo ndani yake kinachoshikwa na kifuniko cha kuzungusha. Kifuniko kikilegea, kipete kinakaa upande mmoja leo na upande mwingine kesho.

Baada ya hapo, upepo. Najua hakuna anayependa kuambiwa kwamba tatizo ni upepo, lakini tuko Dodoma. Upepo wa kando wa kama mita 4.5 kwa sekunde, ule unaopeperusha majani na kuinua vumbi jepesi, husogeza risasi ya .22, yaani ya kipenyo cha kama inchi 0.22, takriban sentimita 2 hadi 3 kwenye umbali wa mita 50. Duara la alama kumi kwenye karatasi ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Piga hesabu mwenyewe. Mchana wa Agosti uwandani bunduki nzuri kuliko zote duniani itaonekana mbovu. Jaribu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla bendera hazijaamka, ndipo uihukumu.

Halafu risasi zenyewe. Bunduki za zamani huchagua chakula. Ukibadilisha aina, au hata boksi la aina ile ile kutoka toleo jingine, kundi linaweza kupanuka mara mbili bila kosa la bunduki. Risasi ya .22 ya shabaha imepakwa nta au grisi nyepesi, na boksi lililoachwa kwenye gari juani Nkuhungu linafika uwanjani nta imeyeyuka upande mmoja na imebeba vumbi. Weka aina moja, ibebe kivulini, piga risasi kumi za kuuzoesha mtutu kabla ya kuhesabu.

Ukiwa bado hujapona, tazama uchafu wa mtutu. Masalia ya risasi ya zamani hujikusanya mbele kidogo ya chemba. Hapa Martini ina shida yake: nyingi haziruhusu fimbo kuingia kutoka nyuma, kwa hiyo vizazi vilivyotangulia vilisafisha kutoka mdomoni, na fimbo ya chuma ikasugua ukingo wa mdomo miaka 50. Tumia kamba ya kuvuta, iingie chembani itokee mdomoni, ikivuta kitambaa chenye mafuta mepesi. Vitambaa vitatu au vinne vinatosha.

Ile fimbo ya chuma ndiyo inayoleta kisababishi cha sita, mdomo ulioliwa. Chukua pamba kavu, izungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mdomo wa mtutu. Nyuzi zikinasa mahali pamoja, pana jeraha. Tazama kwa kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa dirisha: mifereji ya mzunguko iliyo ndani inapaswa kufika ukingoni ikiwa na kona kali pande zote. Upande mmoja ukiwa umelainika, risasi inasukumwa upande inapotoka. Simama hapa. Kusawazisha mdomo ni kazi ya mashine na ya fundi, na kwenye bunduki adimu jiulize kwanza kama unataka ikatwe hata milimita moja.

Mtutu uliochakaa kweli unakuja mwisho. Risasi laini ya .22 hula chuma polepole mno, na katika bunduki zote nilizoangalia kwa lalamiko hili, iliyochakaa mtutu kwa kupigwa tu ni nadra. Iliyoharibiwa kwa kutu na kwa fimbo, hizo ziko nyingi.

Dalili: mbao imepasuka, imepauka au inaachana na chuma

Ufa mara nyingi huanza nyuma ya mwili wa chuma, pale kitako kinapoanza kuwa chembamba. Kisababishi cha kwanza ni kabati lenyewe. Kabati la chuma lililosimamishwa kwenye ukuta wa magharibi, chini ya bati lisilo na dari, ni tanuri. Ukuta wa ndani wa nyumba, usiopigwa na jua, ndio mahali pake.

Kisababishi cha pili kinatokana na wema wa mwenye bunduki: vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu, silika jeli. Kila mwongozo wa Ulaya unaviagiza. Mwezi wa pili viweke, ni rafiki. Kuanzia Juni vitoe vyote. Hewa yetu ya kiangazi imeshakauka yenyewe, na kifuko kile ndani ya kabati lililofungwa kinainyonya mbao unyevu wa mwisho iliobaki nao. Nunua kipima unyevu kidogo, vinauzwa bei rahisi, kiweke ndani ya kabati, usome asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Asilimia 45 hadi 55 ni pazuri, ila kutulia kwa namba kuna maana kuliko namba yenyewe. Mbao inavumilia asilimia 40 ya kudumu kuliko 60 ya leo na 30 ya wiki ijayo. Kupunguza mabadiliko, pangilia ndani ya kabati kwa mbao safi kavu na vitambaa vizito vya pamba. Vitu hivyo hunyonya na kuachia unyevu taratibu. Wapiga gita wana vifuko vya kudhibiti unyevu vinavyofanya kazi pande zote mbili, navyo vinafaa. Bakuli la maji ndani ya kabati hapana kabisa. Utaponya mbao na kuua chuma.

Kisababishi cha tatu ni safari. Bunduki iliyokaa Tanga au Dar es Salaam miaka 40 imejaa unyevu wa pwani. Ukiileta Dodoma Julai na kuiweka sebuleni siku hiyo hiyo, ufa hauchukui mwezi. Ifike kati ya Februari na Aprili kama unaweza kupanga. Kama huwezi, iache imefungwa ndani ya blanketi la pamba kwenye chumba cha baridi zaidi nyumbani, ndani ya kabati lake la kufungwa, kwa wiki kadhaa, ukiifunua kidogo kidogo.

Mbao nyeusi, yenye mafuta na laini ukiigusa kwa ukucha ni ugonjwa mwingine. Mtu aliipaka mafuta mengi kwenye chuma na kuisimamisha mdomo juu, mafuta yakashuka kwenye mbao miaka yote hiyo. Isimamishe mdomo chini juu ya kitambaa, ubadilishe kitambaa kinapolowa.

Mbao iliyopauka tu, bila ufa, inahitaji matone machache ya mafuta ya linsidi yaliyosuguliwa kwa kiganja mpaka kiganja kiwe cha moto, na kufutwa yote yaliyobaki. Mara moja kwa mwaka. Vitambaa vya linsidi vitandaze nje vikauke, usivikunje ukavitupa kwenye pipa, kwa kuwa hujipasha moto vyenyewe na kuwaka.

Msasa na vanishi sitaki kuvisikia. Bunduki yangu ya kwanza niliipeleka kwa fundi mmoja wa samani, kwa ujinga wangu, nikimwomba azibe ufa mdogo. Nilirudishiwa inang'aa kama meza ya harusi. Mistari iliyokatwa kwa mkono kwenye shingo ya kitako ilikuwa imelainika, na muhuri mdogo uliokuwa umepigwa kwenye mbao umepotea. Ufa ulikuwa bado upo chini ya vanishi. Hakuna namna ya kurudisha kile kilichosuguliwa, na bado ninaiona kasoro ile kila ninapofungua kabati. Ufa usiofika kwenye skrubu uache ulivyo na uupige picha kila miezi mitatu. Ukiongezeka, au ukiwa unapita kwenye tundu la bolti, bunduki isipigwe tena hadi ioneshwe mtu anayejua gundi na mbao za silaha.

Vumbi laini kama unga chini ya bunduki ni bungua. Vitobo vya zamani havina vumbi, vipya vinalo. Itenge na nyingine siku hiyo hiyo. Mchwa ni habari ya kabati kugusa sakafu ya udongo au ukuta wenye ufa, linyanyue juu ya matofali.

Dalili: kutu

Watu hushangaa kupata kutu kwenye mji mkavu. Inatoka mikononi. Jasho lina chumvi, na alama ya vidole vitano kwenye mtutu inaweza kugeuka kutu nyekundu ndani ya siku chache za mvua. Kila aliyeshika afute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kabla ya kurudisha, wakiwemo wageni na watoto wa kaka. Chanzo cha pili ni mkoba wa ngozi. Ngozi hutengenezwa kwa kemikali na chumvi, na hunywa unyevu. Mkoba ni wa safari, kulala bunduki ilale kabatini.

Kutu nyekundu ya juu: pakaa mafuta mepesi, acha siku nzima, futa kwa kitambaa kigumu cha pamba. Rudia mara tano ikibidi. Subira hapa inalipa kuliko nguvu. Waya wa kusugulia sufuria unaondoa kutu na rangi ya buluu-nyeusi ya kiwandani kwa pamoja, na rangi ile ni nusu ya thamani ya bunduki adimu. Doa jeusi gumu lisilotoka liache, limetulia.

Kutu ya ndani ya mtutu ina historia yake. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, baruti ya kuwashia ya risasi nyingi iliacha chumvi ndani ya mtutu baada ya kila mlio. Chumvi ile huvuta unyevu wa hewani, na mafuta hayaiyeyushi, maji ndiyo yanayoiyeyusha. Aliyesafisha kwa mafuta peke yake alifunika ugonjwa. Kwa hiyo bunduki yoyote iliyotengenezwa kabla ya 1930, kabla ya kulipa hata senti, tazama ndani kwa kuangaza tochi ndogo kutoka nyuma huku chemba ikiwa imethibitishwa tupu. Ukiona vishimo kama uso wenye ndui, bei ishuke. Bado inaweza kupiga vizuri kwa mshangao wako, lakini itashika uchafu haraka. Vishimo ndani ya chemba, ganda likawa linatoka kwa kusuasua au limevimba, simama na umwite fundi.

Dalili: duara jembamba kwenye mdomo wa mtutu, kama ufa unaozunguka

Nimewahi kuamshwa usiku kwa hili. Mtu ameona mstari wa duara ndani ya ukingo wa mdomo na anaamini mtutu unapasuka.

Mara nyingi si ufa. Bunduki nyingi za .22 zilianza maisha kama silaha za kijeshi za risasi kubwa, zikatobolewa na kuvishwa bomba jipya lenye mifereji ya .22. Kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham ilifanya kazi hiyo kwa wingi na kuipa jina la Parkerifling, na neno hilo au linalofanana nalo huwa limepigwa kwenye mtutu. Mstari unaouona ni mpaka kati ya bomba jipya na mtutu wa zamani. Zile Martini ndogo zilizotengenezwa na BSA na W.W. Greener kwa ajili ya makadeti wa Australia, zenye alama ya kangaruu, nazo nyingi zilibadilishwa kuwa .22 baadaye. Duara lililo kamili, lenye unene ule ule pande zote, limetulia. Mstari ulio upande mmoja tu, au unaokwenda kwa urefu wa mtutu, ni ufa. Weka chini, usipige.

Kuna duara jingine, nalo ni baya. Ukitazama ndani kwa mwanga ukaona pete nyeusi katikati ya mtutu, au ukipitisha vidole kwa nje ukahisi uvimbe, hapo zamani risasi ilikwama na nyingine ikapigwa nyuma yake. Bunduki hiyo ni ya kutazamwa ukutani. Fundi akithibitisha uvimbe, basi.

Dalili: kilengeo cha nyuma kigumu, au hakitii

Vumbi la Dodoma na mafuta yaliyokauka hufanya udongo unaosaga. Kifundo kinagoma kuzunguka, mtu anachukua koleo, kifundo kinakatika, na kilengeo cha kitundu cha Parker-Hale kilicho kizima hakipatikani sokoni Majengo. Dondosha tone moja la mafuta mepesi kwenye kila skrubu ya kusogezea, liache usiku kucha, zungusha kwa vidole tu, nusu mzunguko mbele, nusu nyuma. Kikiwa bado kigumu, rudia usiku wa pili na wa tatu.

Kilengeo kinachozunguka vizuri lakini risasi hazifuati kina nafasi iliyochakaa kwenye meno ya skrubu. Dawa ni mazoea: fikia namba yako siku zote kutoka upande mmoja. Unataka kushuka hatua mbili? Shuka sita, panda nne. Vilengeo vingi vya aina hii hubofya robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya 60 ya digrii moja), yaani kama milimita 3.6 kwenye mita 50. Piga risasi tano, sogeza mbofyo nane, piga tano nyingine, pima kwa rula. Ukipata karibu sentimita 3 kilengeo ni kizima, na tatizo liko kwa mpigaji au kwenye upepo.

Dalili: inabofya bila kulia

Subiri. Mdomo ubaki umeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 bila haraka, ndipo ufungue ukiwa umeweka uso pembeni. Risasi iliyochelewa kuwaka ipo.

Tazama ganda. Alama ya pini ikiwa ya kina cha kawaida, risasi ndiyo mbovu, na risasi za zamani zilizokuja na urithi ziende polisi badala ya kujaribiwa. Alama ikiwa hafifu, grisi iliyoganda inaizuia pini, au springi imechoka. Tone la mafuta mepesi likishindwa, fundi aifungue. Alama ikiwa ya kawaida lakini ukingo wa chemba una kijishimo, mtu alizoea kubofya bunduki tupu. Risasi za .22 huwaka pembezoni, na bila ganda la kupokea pigo pini inagonga chuma cha chemba. Mkataze kila anayetembelea nyumba yako kufanya hivyo.

Mlio hafifu, kama wa kupasua kijiti, bila tundu kwenye karatasi: usipige nyingine. Fungua, hakikisha chemba ni tupu, chungulia mtutu kwa mwanga. Risasi iliyokwama itolewe na fundi.

Dalili: kifyatulio kimebadilika

Kizito kuliko zamani na kinakwaruza: vumbi na grisi. Kwenye vifyatulio vya shabaha grisi nzito haina kazi, na ile iliyokuwemo tangu kiwandani imekuwa gundi.

Chepesi kuliko zamani, au bunduki imejifyatua ulipofunga wenzo, au ilipoguswa kitako: imekwisha kwa leo na kwa wiki hii. Usisogeze skrubu yoyote ndogo iliyo karibu na kifyatulio hata kama unaiona imeandikwa namba. Ifunge, weka kipande cha karatasi kwenye wenzo kikisema haipigwi, ipeleke kwa fundi kwa utaratibu wa leseni yako. Sina ushauri mwingine kwenye hili.

Dalili: hadithi na chuma havilingani

Hili ni la wanaonunua. Mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa 1951, uliwaleta Waingereza wengi huku kwetu, na tangu hapo karibu kila bunduki inayouzwa kati ya Kongwa na Manyoni inasemekana iliachwa na "Mzungu wa karanga". Muulize chuma. Anschütz iliyoandikwa Ulm imetengenezwa baada ya vita vya pili, kwani kabla ya hapo kampuni hiyo ilikuwa mji mwingine wa Ujerumani, Zella-Mehlis. Ikiwa ni Match 54, aina iliyoanza 1954, haikubebwa na mtu wa Kongwa aliyeondoka 1951. BSA halisi ina alama ya bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Mihuri ya majaribio ya Birmingham au ya Ujerumani, ile inayopigwa kwenye chuma bunduki ikishajaribiwa usalama wake, iwe na kona kali. Herufi zilizolainika, vichwa vya skrubu vilivyotafunwa na rangi nyeusi iliyoingia mpaka ndani ya herufi ni ushahidi wa kung'arishwa upya.

Namba za vipande zisipolingana, uwezekano mkubwa ni kwamba vipuri vilibadilishwa kihalali miaka mingi iliyopita. Bei ishuke, bunduki inaweza kubaki nzuri. Namba ya mwili wa bunduki ikiwa imekwanguliwa, imepigwa juu ya nyingine, au hailingani na leseni ya muuzaji, usiendelee kuishika ukiikagua. Mrudishie mikononi, usitoe pesa hata ya kianzio, na ukitoka hapo pitia kituo cha polisi ueleze ulichokiona ukiwa bado unakumbuka tarakimu.